Je, Tupambane na Afya ya Akili?

SWALI: Nafundisha katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda. Kwa ajili ya Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tumechora bango lisemalo, "Wanafunzi, tupambane na afya ya akili!" Mwalimu mwenzangu aliyekulia Bunia, kule Kongo, anasema ni kosa, ila kueleza kosa liko wapi hawezi, na mimi maneno hayo nimeyasikia redioni si mara moja. Halafu mtoto wa kidato cha kwanza akaniuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, mimi kila mtihani ni wa mwisho. Basi sina afya ya akili?" Wenzake wakacheka, nami nikakosa jibu. Si afadhali tuseme afya ya ubongo, au ya nafsi? Na je, jamii nzima inaweza kusemwa ina afya ya akili, au hilo ni la mtu mmoja mmoja? Mwisho, ni "afya ya akili ya wanafunzi" au "afya ya akili za wanafunzi"?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mwambie huyo wa Bunia kwamba sikio lake ni zima. Lifuteni hilo bango kabla mvua haijalifuta.

Kosa liko kwenye kitenzi. Mtu hupambana na adui: malaria, rushwa, nzige, ujinga. Afya si adui. Badilisha neno moja tu uone kichekesho kilivyo: "Tupambane na afya ya kinywa." "Tupambane na afya ya mama na mtoto." Muuguzi yeyote akikuta bango kama hilo kwenye ukuta wa zahanati atauliza aliyelichora amekumbwa na nini. Kwa akili, hata hivyo, tunalisoma na kupita kana kwamba hakuna kitu. Maana yake ni kwamba ndani ya vichwa vyetu "afya ya akili" imeshaacha kuwa afya. Imekuwa jina la ugonjwa.

Nimesikia mengi ya namna hiyo. "Kaka yangu alipata afya ya akili akiwa chuo." "Yule mama ana afya ya akili, msimjibu." Siku moja kwenye taksi ya kutoka Ntinda kijana alikuwa akizungumza peke yake dirishani, na abiria aliyekaa nyuma yangu akanong'ona kwa huruma kabisa, "Maskini, ana afya ya akili." Ukiyachukua maneno yake kama yalivyo, alikuwa anampongeza.

Yametokeaje? Chanzo chake ni adabu. Kiswahili kina mtindo unaoitwa tasfida, yaani kulivika neno gumu nguo ya heshima. Tulikuwa na choo. Kikaonekana kikali, tukasema msala, tukasema maliwato, na siku hizi mgeni huomba tu kuonyeshwa "pa kujisaidia". Neno jipya hukaa safi kwa muda, kisha hushika harufu ya kitu kilekile, nasi tukatafuta jingine. Ndivyo tulivyotoka kwenye "kichaa" tukaenda kwenye "mgonjwa wa akili", kisha kwenye "mwenye matatizo ya afya ya akili". Hapo msemo ukawa mrefu, na ulimi hauna subira. Ulipoukata, ukatupa kipande kibaya: "matatizo" yakaanguka, "afya ya akili" ikabaki imebeba mzigo usio wake.

Ningeweza kusema lugha hubadilika, tuiache iende. Kwa mengi huwa nasema hivyo, na wanafunzi wangu wa zamani wananilaumu kwa ulegevu. Kwa hili nakataa, kwa sababu tukilipoteza neno hili hatubaki na jingine la kutaja kitu chema chenyewe. Mhudumu wa afya akisimama mbele ya wazazi aseme, "Kila mtu ana afya ya akili," nusu ya mkutano itaguna: kumbe sisi sote ni vichaa? Alichokusudia ni kwamba kila mtu ana afya ya akili kama alivyo na afya ya mwili, leo nzuri, kesho dhaifu, keshokutwa ikapata nguvu tena.

Afya, kumbuka, haielemei upande mmoja. Tunasema afya njema, afya dhaifu, afya yake imezorota, afya yake imeimarika. Kwa hiyo "afya njema ya akili" si kurudia jambo mara mbili, kama msomaji mmoja alivyowahi kunikaripia. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya si kutokuwa na ugonjwa tu. Ni mtu kuwa salama kimwili, kiakili na katika maisha yake na wenzake. Na shirika hilo linapoeleza afya ya akili hutaja mambo ambayo hata bibi yangu angeyatambua: mtu aujue uwezo alionao, ahimili misukosuko ya kawaida ya maisha, aweze kujifunza na kufanya kazi, na awe na mchango kwa watu anaoishi nao. Hapo hakuna sharti la kucheka kila siku. Aliyefiwa akalia wiki nzima hajapungukiwa na afya ya akili. Angekuwa mkavu ndipo tungemtazama mara mbili.

Kwa maana hiyo mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari, anakunywa dawa zake, analima, anasomesha watoto, na afya yake ya akili ikawa nzuri kuliko ya jirani ambaye hajawahi kukanyaga kliniki lakini halali usiku na kila neno kwake ni ugomvi. Ni kama mwenye kisukari anayejitunza. Ndiyo maana "ugonjwa wa akili" na "afya ya akili" lazima yabaki maneno mawili.

Tena Kiswahili chenyewe kililijua jambo hili kabla ya mashirika. Tazama salamu. Watu wa huku kwetu tumezoea kurusha "Jambo!" kama tunavyowarushia watalii, na hivyo tunaharibu swali zuri. Mswahili husema "Hujambo?", na ndani yake mna kanusho: huna jambo? Hakuna linalokusumbua? Nawe hujibu "Sijambo", sina. Tunajibu hivyo hata moyo ukiwa unawaka, hilo najua. Baganda nao husema "Gyendi", yaani nipo, na nyuma ya hilo nipo kunaweza kufichwa mengi. Lakini sikiliza watu wakirudi hospitali kumwona mgonjwa: "Leo hajambo kidogo." Hawajasema amepona. Wanasema jambo limepungua. Hiyo ndiyo picha ninayotaka wanafunzi wako waione: afya kama kitu kinachopanda na kushuka. Si mlango ambao upande mmoja wamesimama wazima na upande wa pili vichaa.

Sasa huyo mtoto wa mwisho darasani. Swali lake lina akili kuliko kicheko cha wenzake, na anayepaswa kulijibu ni neno lenyewe.

Akili tumeipata kwa Waarabu, nayo ilipofika pwani ikabeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni werevu: mtoto huyu ana akili, tumia akili, akili ni mali. Wa pili ni ule uzima wa fahamu unaomfanya mtu atambue mambo na kuyapima: akili zimemruka, hana akili timamu, akili zikamrudia. Mzigo wa kwanza una vipimo na alama za mtihani. Wa pili haupimwi hivyo. "Afya ya akili" imejengwa juu ya wa pili. Mwambie mtoto kwamba mwanafunzi anayeshika namba moja huku hali chakula wala halali kwa hofu ya kushika namba mbili, afya yake ya akili inahitaji kutazamwa. Na yeye anayeshika mkia, anacheza mpira jioni, ana marafiki na kesho anarudi shule kujaribu tena, huenda kwa hilo amewazidi wote. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kipara nacho kisichekwe.

Je, tungechagua neno jingine? "Ubongo" hapana. Ubongo ni nyama iliyo ndani ya fuvu. Una magonjwa yake kama kiharusi na kifafa, na hapa Uganda wenye kifafa hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki zilezile za magonjwa ya akili, jambo ambalo limewafanya wengi waamini kifafa ni wazimu. Sitaki kuongeza mkorogo huo. "Nafsi" ni pendekezo zuri zaidi. Waarabu wenyewe, waliotupa akili, husema afya ya nafsi, na wapo Watanzania wanaoita saikolojia elimunafsi. Lakini nafsi kwa Mswahili wa kawaida imekaa karibu mno na msikiti na kanisa, na wizara za afya za Kenya na Tanzania zimeshashika "afya ya akili". Neno likishaenea, kazi ni kulitumia sawasawa.

Mimi binafsi, kama ningeulizwa mapema, ningechagua uzima. Mzima ni aliye hai, ni asiyeumwa, ni asiyemeguka, ni aliyekua: mtu mzima. Luganda kinafanya hivyohivyo kwa obulamu, ambayo ni uhai na ni afya pia. "Uzima wa akili" ungesikika vizuri Arua hadi Lamu. Ila hakuna aliyeniuliza.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna neno la wizara litakalolitatua. Mswahili anapoumia ndani haumii akilini. Anaumia moyoni. Moyo mzito, kuvunjika moyo, kufa moyo, roho juu, kiwewe, jakamoyo, kihoro. Hakuna akili hapo hata moja. Na kwetu Uganda moyo wenyewe una mtego: Mganda akisema omwoyo anataja roho, na moyo unaodunda anauita omutima, ambao Waswahili wameubakisha kwenye mashairi tu, mtima. Kwa hiyo mwanafunzi wako aliyelelewa kwa Luganda akiandika "daktari aliupima mtima wake", usimkate alama haraka. Huyo kaandika kishairi bila kujua.

Halafu yako mawazo. Hili ndilo neno ambalo watu wa kwetu hulitumia kweli wanapokuwa na hali mbaya, na umoja wake una maana tofauti kabisa. "Nina wazo" ni habari njema, mtu kagundua kitu. "Nina mawazo" ni kilio. Mwanafunzi akikuambia mlangoni mwa ofisi, "Mwalimu, nina mawazo," usimwambie ayaandike kwenye daftari. Mvutie kiti. (Na ni mawazo mengi, "mawazo mingi" ya wakimbizi wetu wa Kongo kule Nakivale ni Kiswahili cha kwao na kinaeleweka, lakini kwenye mtihani haitapita.) Luganda nacho husema mtu ana ebirowoozo, mawazo yaleyale. Waacholi, waliokaa kambini miaka na miaka wakati wa vita vya kaskazini mwa Uganda, wana "two tam": two ni ugonjwa, tam ni fikra. Ugonjwa wa kufikiri. Kutoka Gulu hadi Mombasa, hata watu ambao lugha zao hazina undugu wamefikia picha moja, kwamba mtu huugua pale mawazo yanapokataa kulala. Kwa hiyo "msongo wa mawazo", ambao wengine hudhani ni tafsiri ya juzi ya maofisini, umekaa pazuri: kusonga ni kubana, kama mwiko unavyousonga ugali mpaka ugangamale.

Kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda vijiji vya Rakai na Masaka, ambako ukimwi ulikuwa umeacha misiba karibu kila nyumba, wakitaka kujua kama sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ipo. Hawakuanza na kamusi yao. Waliwauliza wanakijiji wenyewe watu huugua nini ndani, nao wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa na okwekubagiza. La kwanza ni kujichukia, la pili ni kujihurumia. Angalia sarufi: ile "e" iliyo katikati ya maneno hayo ya Kiganda ndiyo "ji" yetu ya Kiswahili, kiambishi kinachomrudishia mtenda tendo lake. Mtu anachukia, na anayechukiwa ni yeye. Anahurumia, na hakuna mwingine wa kumhurumia. Nimefundisha kirejeshi kwa miaka mingi kwa mifano ya "alijikata" na "alijificha", na sikuwahi kufikiri kwamba kiambishi kidogo namna hiyo kinaweza kubeba ugonjwa mzima.

Hapa ndipo swali lako la jamii linapopata jibu, kwa sababu watafiti hao walipotaka kupima nani amepata nafuu waliwauliza tena wanakijiji: mtu mwenye afya hufanya nini? Wakatajiwa kuoga, kulima, kupika, kutunza watoto, kwenda mikutanoni, kushiriki kazi za kijiji, kuhudhuria maziko. Maziko! Kwa mtu wa Rakai, kushindwa kwenda kuzika ni dalili ya ugonjwa. Na tiba iliyojaribiwa ilikuwa vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, watu wakizungumza yaliyowasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kusema "afya ya akili ya jamii", na Kiswahili hakikatai. Usilifanye tu kuwa jumla ya vichwa vya watu. Jamii yenye afya ya akili ni ile ambamo aliyeacha kuja mazikoni anafuatwa nyumbani kuulizwa kulikoni, na akisema "nina mawazo" hachekwi. Baganda huita utu wa namna hiyo obuntubulamu, na sehemu ya pili ya neno hilo ina -lamu ileile ya obulamu, yaani utu ulio mzima. Iliyo kinyume chake tunaijua: mahali ambapo mzazi humficha mwanawe chumba cha nyuma, mpaka ule msemo wa mficha maradhi na kifo kinachomuumbua ukamkuta mlangoni.

Kuficha huko hulelewa na maneno. Tuna mwendawazimu, na ndani yake umo mzimu, ule ambao Baganda huuita omuzimu. Anayemwita mtu hivyo anamwambia, ajue asijue, kwamba amepandwa na pepo. Tuna punguani, aliyepungua. Tumeyageuza hata majina ya hospitali. Kampala ukitaka kumtukana mtu unamwambia arudi Butabika, ilhali Butabika ni hospitali ya rufaa iliyojengwa mwaka 1955, ambako watu huingia wakiwa hoi na wengi wakatoka hawajambo. Wakenya wanafanya hivyo kwa Mathari, Watanzania kwa Mirembe ya Dodoma. Hiyo Mirembe hunifanya nitabasamu kila mara, maana Uganda mirembe ni amani, na mabinti wengi wanaitwa hivyo. Ningekuwa na uwezo ningetaka Mganda mmoja akae kituo cha basi Dodoma awaambie wapita njia tusi lao lina maana gani kwetu.

Si mzaha mtupu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye Sheria ya Makosa ya Jinai, ambayo Kiswahili chake kingekuwa kama "zuzu" na "punguani", yanawavunjia utu watu wenye ulemavu wa akili. Mahakama, mwalimu, iliketi kusikiliza hoja juu ya maneno. Baadaye ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, ikachukua nafasi ya ile ya zama za ukoloni iliyotaja matibabu ya akili tu katika jina lake. Kutoka "matibabu" hadi "afya" si hatua ndogo, na wewe uliye na rangi na brashi mkononi usituregeshe nyuma.

Andika hivi: "Tulinde afya ya akili." Au tutunze, au tuimarishe, vyote vinafaa. Ukitaka kupambana kwa lazima, basi pambana na msongo wa mawazo, na sonona, na unyanyapaa. Na mgonjwa mwite "mwenye ugonjwa wa akili" au "anayeishi na ugonjwa wa akili". Ni ndefu, najua. Usiikate.

La mwisho ni dogo. Ni "afya ya akili ya wanafunzi", hata wakiwa elfu. Kinachomilikiwa na wanafunzi hapo ni afya, si akili, na afya ni moja. "Za" ingeifuata akili, tukarudi kwenye kuhesabu nani anazo ngapi, na yule mtoto wako wa mwisho darasani angenyoosha mkono tena.